Kutekwa kwa Mshipa wa Kitanda cha Nne

Sogezeni viti, enyi wenye masikio, punguzeni sauti ya redio, msikie jinsi Nesi Mkono Mwepesi, mtuliza watu wazima wanaoogopa sindano, alivyoteka kijiko kimoja cha damu.

Katika wodi ya wagonjwa mahututi, kitanda cha nne, alilala fundi cherehani mzee, siku ya pili baada ya kupasuliwa tumbo. Daktari alizihofia figo zake, kwa kuwa mkojo ulikuwa umepungua. Kipimo cha kawaida cha figo, kama mlinzi mzembe, hupiga kelele mwizi akishatoka na mzigo. Lakini maabara ilikuwa na kipimo kipya, kinachosaka ndani ya damu dalili za figo zinazoanza tu kuumia. Mashine yake iliwashwa mara moja kwa siku, saa nne asubuhi. Sasa ilikuwa saa nne kasorobo.

Mkono Mwepesi akaufunga mkono wa mzee kwa mpira, akapapasa, akashambulia. Sindano ikarudi kavu. Akashambulia tena; mshipa ukamkwepa, ukazama katika mkono uliovimba.

"Dada, baba si kitambaa," akasema binti wa fundi, machozi yakimlenga. "Basi jamani."

Moyo wa shujaa ukamlegea, lakini akasimama wima, akanena: "Ewe binti wa fundi! Adui anazinyemelea figo za baba yako, wala hatabisha hodi. Nipe shambulio moja tu. Nikishindwa, naweka silaha chini, namwita mwenzangu."

Binti akamtazama baba yake. Mzee akafumbua jicho moja.

"Mwanangu nesi," akanong'ona, "unahangaika na upande wa bitana. Geuza."

Akaugeuza mkono. Na tazama! Nyuma, juu kidogo ya kifundo cha mkono, mshipa mwembamba kama uzi. Akachoma. Damu ikapanda.

Lifti ilikuwa imekwama ghorofa ya juu. Akashuka ngazi mbilimbili, kichupa cha damu kifuani, akamkuta mtu wa maabara ameshika kifuniko cha mashine.

"Nafunga, dada."

"Hufungi!"

Hakufunga mpaka kichupa kilipoingia. Majibu yakatoka: figo zilikuwa zimeanza kuumia. Daktari akasitisha dawa iliyokuwa ikizichosha, akaongeza maji ya dripu kwa uangalifu.

Kesho yake asubuhi, binti akainama kwenye mfuko wa mkojo, akapiga kelele hadi wodi nzima ikageuka: "Nusu lita! Baba, nusu lita!"

"Punguza sauti," akasema fundi, akitabasamu kwa fahari.

Naye Mkono Mwepesi, mteka mshipa, akachukua kalamu, akaandika kwenye faili, ili vizazi vyote visome: *Mkojo, mililita mia tano.*