Uga Unaingia, Hautoki

Jumatatu, 3 Machi
"Mkondo wa umeme ukizunguka kitanzi cha waya kinyume cha saa, uga sumaku katikati yake unatoka ubaoni na kutujia." Ndivyo anavyofundisha Miwani, mwalimu mgeni wa fizikia. Upuuzi! Miaka ishirini nafundisha kwamba unaingia. Mkono wa kulia nashika chaki, wa kushoto nakunja vidole kufuata mkondo, kidole gumba kinaelekea ubaoni. Kidole hakidanganyi.

Binti yangu, aliye darasani kwangu, aliniuliza kama kanuni si ya mkono wa kulia. Nikamwambia mkono ni mkono. Akarudi kwenye daftari lake. Tangu mama yake atutoke, haulizi mara mbili.

Jumanne, 4 Machi
Nilimwalika Miwani maabarani, ashuhudie. Kitanzi, betri, dira. Binti yangu alishawaapia wenzake kuwa baba hakosei. Nikawasha. Ncha ya kaskazini ikageukia darasa! Dira mbovu. Nikaleta ya pili. Mbovu. Ya tatu, mbovu! Shule inanunua takataka. Darasa zima likaangua kicheko. Binti yangu peke yake alitazama viatu vyake.

Alhamisi, 6 Machi
Mbinu! Kabla ya kengele niligeuza nyaya za betri. Nikawasha. Dira ikatii! Nikapiga meza kwa furaha. Binti yangu akasimama, akasema polepole kwamba baba, samahani, nyaya zimegeuzwa, mkondo sasa unazunguka kama saa. Mwanafunzi mmoja akadakia kuwa mzee kachakachua. Nikamwamuru binti akae. Akakaa. Macho yalimjaa maji. Vumbi la chaki, bila shaka.

Ijumaa, 7 Machi
Amehamia darasa la Miwani! Mwalimu mkuu anasema kaomba mwenyewe, kwa adabu, tena kaomba nisikasirike. Nani kakasirika? Jioni alikula mapema, akajifungia na vitabu vyake. Nikabisha hodi, nikamwambia nina dira mpya. Akajibu kwamba amechoka, baba. Nikala peke yangu. Chakula kilikuwa kingi.

Jumatatu, 31 Machi
Leo mtihani wa mwisho. Swali la nne, kitanzi! Nilimngoja langoni. Ameandika unatoka. Mkono wa kulia, baba, alisema, akaninyooshea wa kwake. Sikuushika.

Enyi watahini! Karatasi yake mtaijua: mwandiko mdogo, umelala kidogo, kama wa marehemu mama yake. Swali la nne mkateni alama zote. Zote! Mkateni, mnirudishie mtoto wangu.