Treni ya Mtumba Kwenye Kona ya Mzee Bendera

Taarifa ya habari ilikuwa haijaisha, Rahimu akaizima redio yake na kupanda juu ya benchi.

"Jamani! Wanauza mashirika ya umma! Moja moja, kama mafungu ya nyanya!"

Rahimu tunamwita Taarifa. Habari ikimfikia, kwake hailali.

"Shuka, utalivunja benchi kabla halijauzwa," alisema Mrisho. Huyu ni Belo, kwa sababu ya mabelo ya mitumba anayofungua mnadani. "Na wewe kinakuuma nini? Una shirika?"

"Nina reli! Reli ikiuzwa, sisi watu wa Manyoni tutakuwa watu wa nini?"

"Wa barabarani, kama watu wa Shelui."

"Nawasikia," ilitoka sauti chini ya meza. Alikuwa Marko, fundi redio, kalala chali na waya mdomoni. Yeye ndiye wa Shelui.

Kijiwe chetu kiko nyuma ya stesheni, na kahawa na maandazi ni yangu. Siku ile hakuna aliyeweka kikombe mezani, maana meza ilijaa reli. Belo alifungua belo la nguo za watoto akakuta ndani yake treni ndogo ya umeme, injini na mabehewa, na vipande vya reli vya kuunganisha. Wakaijengea stesheni na tangi la maji kwa bati la makopo, wakasimamisha nguzo za spoku za baiskeli, juu yake globu za tochi. Moto unatoka kwenye betri ya gari na kuingia kwenye reli. Treni inaukanyaga kwa magurudumu, inaondoka, na taa yake ya mbele inawaka.

Ungebaki mchezo tu, lakini baba yangu aliuingilia. Baba ni Bonifasi, Mzee Bendera, stesheni masta mstaafu. Marko alipomwomba kuleta washenga wa kuniposa, baba alimjibu mbele ya kijiwe kizima:

"Binti wa reli haolewi na mtu wa malori. Lakini sikatai. Endesha gari hili lizunguke meza, taa zote zikiwaka, lirudi stesheni. Likifika, washenga wako nao wafike."

Jana yake jioni walilijaribu, likazunguka vizuri. Siku ile ndiyo ilikuwa siku yenyewe, washenga walikuwa njiani kutoka Shelui, na treni ilikuwa imekufa.

"Kwani mtumba si tunauita kafa ulaya?" Belo alisema. "Basi huyu kafa mara ya pili, kafa Manyoni."

"Imesikia habari kwamba reli inauzwa, imegoma!" Taarifa alidakia. "Tutafute mwekezaji!"

"Mwekezaji ataanza kwa kupunguza wasiofanya kazi. Wewe utakuwa wa kwanza."

"Hee, Bendera huyo!" Taarifa alitangaza.

Wote wakanyooka kama askari. Baba alikuja na kofia yake ya kazi na filimbi shingoni. Tangu astaafu hajavua hata kimoja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Gari liko wapi?"

"Limechelewa, mzee," alisema Marko akitoka chini ya meza, utando wa buibui nywele nzima.

"Limechelewa au limefutwa?"

"Limechelewa tu."

"Sababu ya kuchelewa iandikwe ubaoni."

Taarifa akafuta bei ya kahawa kwenye ubao wangu, akashika chaki akingoja sababu. Baba akakaa, akapokea kikombe bila kunitazama.

"Enzi zangu," alianza, "hakuna gari lililolia kwenye kona yangu. Kona kavu inakula gurudumu. Kona inapakwa mafuta, kijana! Watu wa malori hamjui hayo. Nyinyi gari likilia mnaongeza honi."

Mimi nikashika sinia kwa nguvu. Asubuhi nilikuta chupa yangu ya mafuta ya alizeti imebaki robo, na ndani yake unyoya wa kuku. Nikadhani ni panya. Halafu nikajiuliza panya gani anatumia unyoya.

Marko hakuwa na habari. Alianza kutafuta ugonjwa.

"Taa za stesheni zinawaka. Betri nzima."

"Betri nzima!" Taarifa alitangaza.

Marko akachukua globu yenye nyaya mbili, akabonyeza ncha zake kwenye reli kwa nguvu. Globu ikawaka. Akasogea mpaka kwenye kona, akakwaruza, ikawaka.

"Reli zina moto."

"Reli zina moto! Hazijauzwa bado!"

Akaipindua treni miguu juu kama mbuzi wa kuchinjwa, akaigusisha nyaya za betri kwenye magurudumu. Magurudumu yakazunguka vrrr, na taa ya mbele ikawaka.

"Treni nzima, reli nzima," Marko alisema akijikuna kichwa. "Kila mmoja peke yake ana moto. Kinachokosekana ni kukutana."

"Kama wewe na Klara!" Belo alisema, akacheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Mimi nikageukia jiko, nikachochea moto uliokuwa unawaka vizuri tu.

Nilipogeuka tena, Marko alikuwa amepitisha kidole kwenye kona. Kidole kiling'aa. Akakinusa. Akamtazama baba. Akanitazama mimi. Nikatazama sinia.

Belo naye akapitisha kidole, akanusa. "Ala! Haya si mafuta ya ali…"

Marko akamkanyaga mguu.

"Ali nani?" baba aliuliza.

"Ali… Ali wa gereji, mzee. Nimemkumbuka tu. Hajambo."

Kila mtu alishajua mafuta yanazuia moto usipande kwenye gurudumu, na kila mtu alishajua nani Manyoni nzima hawezi kuona kona kavu akalala usingizi. Lakini nani atamwambia? Taarifa, ambaye habari hailali kwake, alijifunika mdomo kwa mikono miwili. Macho yalimtoka kama panzi. Na Marko ndiyo kabisa: mkwe gani anaanza posa kwa kumwambia baba mkwe, wewe ndiye uliyeharibu?

Mimi niliwaza jambo jingine. Anayetaka treni isifike angechomoa waya. Anayepaka kona mafuta anataka ifike.

"Mzee," Marko alisema polepole, "naomba ruhusa nifute vumbi."

"Vumbi?"

"Vumbi la Manyoni. Na upepo huu, mzee. Limetanda relini."

"Hata mimi naliona," Belo alisema. "Vumbi baya sana."

Baba akanywa kahawa. "Futa."

Marko akatia mkono mfukoni, akatoa kitambaa cheupe, akaanza kufuta kona kipande kwa kipande. Kile kitambaa nilikidarizi mimi, uzi mwekundu, na nilimpa kwa siri.

Baba akainama. "Kitambaa kizuri. Umekipata wapi?"

"Ma… mnadani, mzee."

"Kwangu!" Belo alidakia. "Belo la juzi, mzee! Kafa ulaya!"

"Kumbe huko Ulaya nao wanadarizi 'Nakungoja'?"

Marko alikificha kitambaa haraka, lakini kilikuwa kimeshageuka njano na kinanuka kikaango. Baba akakitazama kikiingia mfukoni. Akatazama kona yake. Akavuta kofia mbele kidogo.

"Vumbi la siku hizi," alisema, "lina mafuta."

"Ndiyo soko huria, mzee," alijibu Marko. "Vitu vingi vimeingia."

Baba akapuliza filimbi. Marko akaunganisha waya.

Treni ikatikisika, taa ikawaka, ikaondoka! Ikapita tangi la maji, ikaingia kwenye kona ikilia kwiii kwa ukavu. Nilimwona baba akifumba macho kwa uchungu. Ikatoka konani taa zote zikiwaka, ikaingia stesheni na kusimama.

Belo alirusha kofia yake juu, ikatua jikoni kwangu. Watu wa sokoni walikuja mbio wakidhani mwizi kakamatwa.

"Taarifa, andika," baba aliamuru. "Gari limefika. Sababu ya kuchelewa: vumbi."

"Na kitambaa, mzee?"

"Kitambaa andika mtumba."

Hapo honi ikalia barabarani, honi ndefu ya lori. Washenga walikuwa wamepanda juu ya magunia ya vitunguu, weupe kwa vumbi la kweli.

"Klara!" baba aliita kwa sauti ya stesheni masta. "Wageni hao! Kaanga maandazi upesi!"

"Mafuta hayatoshi, baba."

"Hayatoshi? Yamekwenda wapi?"

Neno likawa limeshamtoka. Nikatazama sinia langu.

"Vumbi, baba."

Kwanza akaniangalia mimi, kisha Marko, kisha mabega yake yakaanza kutikisika chini ya ile kofia. Taarifa alicheka mpaka benchi likavunjika, kabla halijauzwa.