Malalamiko Kuhusu Mzizi Wangu Kulinganishwa na Jiki

Kwako Daktari Recho Gasper,
Mtafiti wa Dawa za Asili, Maabarani.

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini tungekutana ungeniamkia, kwa hiyo naitikia kabisa tusipotezeane muda.

Ni mimi Khalfani, mganga wa tiba asili wa hapa Ujiji, niliyekutibu mchango ulipokuwa mtoto pale Gungu ukanitapikia kanzu. Siku ile sikulalamika. Leo nalalamika. Nilikukabidhi mzizi wangu uupime kwa saratani ya matiti, na majibu uliyonipa kwa simu yamenivua nguo. Simu yenyewe niliiweka sauti kubwa makusudi, majirani wasikie nikisifiwa. Mke wangu Zuhra naye alikuwepo. Zuhra ana kivimbe kwenye titi la kushoto, na ndiye aliyekuwa akiyangoja majibu kuliko sisi wote. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mzizi ule niliuchimba nikiwa na udhu. Ninyi mmeuloweka kwenye spiriti! Mzizi wa watu wa swala, Recho, mmeulewesha, halafu mnasema haukufanya kazi vizuri. Nani amewahi kulewa akafanya kazi vizuri?

2. Umesema mgonjwa mliyempa mzizi ni seli zilizomo kwenye kisahani, na mwenye titi zilikotoka alifariki zamani huko ng'ambo. Mimi sijawahi kumtibu mtu ambaye keshazikwa. Nimwulize nani anaumwa wapi? Hata shangazi wa kumsindikiza hakuwepo?

3. Seli hizo hazikushika miiko. Mgonjwa wangu hali nyama wala samaki wetu wa mgebuka mpaka dawa iishe. Anakula ugali na mlenda, ananuna, anapona. Ninyi, kwa kauli yako mwenyewe, mnazilisha maji ya damu ya ndama. Loo! Saratani inakula ndama, mimi mganga nakula dagaa. Hapo ingeondoka iende wapi?

4. Umekiri kwamba mzizi uliua seli za saratani. Zuhra akapiga vigelegele. Hajamaliza, ukaongeza kwamba umeua na seli nzima pia, na kwamba hata jiki ukiimwaga kwenye kisahani itaua seli. Jiki! Ya kufulia! Sasa watoto wa mtaani wananiita Babu Jiki, na mama mmoja wa Bangwe ameniuliza kama dawa yangu inatoa madoa ya mawese.

5. Hili ndilo linaloniuma. Ulimalizia kwa kusema mwenye kivimbe asingoje mzizi, awahi hospitali. Zuhra akainuka akaenda jikoni. Tangu hapo haniulizi habari za dawa. Ananipakulia chakula, ananitazama, anangoja niamue. Mtu mwenye kibao cha uganga barabarani anampelekaje mkewe hospitali mchana kweupe?

Kwa hiyo naomba sentensi hiyo uifute. Pia seli ziletwe Ujiji na ndugu wa kuziangalia, zikae mkekani kwangu, zishike miiko na zinywe uji usio na sukari. Nitazihoji moja moja. Zikifa, nipewe cheti, maana saratani imekwisha. Zikipona, nipewe cheti vilevile, maana tangu lini mganga akalaumiwa kwa kuponya?

Usipotekeleza, nitalifikisha shauri hili kwenye chama chetu cha waganga, kisha kwa mkurugenzi wa manispaa, na ukizidi ubishi, kwa mama yako Skolastika.

Wasalimie wote maabarani, pamoja na zile seli nzima. Zile nyingine usizipe salamu zangu.

Wako anayekudai heshima,
Mganga Khalfani.

Nyongeza: Namalizia barua hii nikiwa kwenye benchi la hospitali. Nimemleta Zuhra mwenyewe kwa bodaboda, mchana kweupe, tukapita mbele ya kibao changu. Wamechukua kipimo. Daktari anasema kivimbe bado ni kidogo na tumewahi, na Zuhra tayari ananiagiza mgebuka wa kukaanga. Aliulizwa kama amekunywa dawa yoyote ya mizizi. Nikajibu mimi: hapana, hata tone. Wengine huwa nawapa bila wasiwasi, lakini kwa Zuhra mkono ulikataa. Sasa ile sentensi usiifute, mwanangu. Niandikie kwa herufi kubwa, niibandike kwenye kibao.