Walivyoipiga Chini Kiwanja cha Bibi

Habari ilitufikia Alhamisi kabla kahawa haijachemka, na aliyeileta ni Nestory fundi simu, ambaye hapa kijiweni tunamwita Chaji kwa sababu simu ya mtu ikizimika yeye ndiye wa kwanza kufurahi. Alikuja anatembea polepole, koti amelifunga mpaka kidevuni kwa baridi ya mtaa wetu wa Katandala, simu mkononi. Hakusalimia mtu. Alikaa kwenye benchi la Sauda akasema, "Wameipiga chini."

Hakuna aliyeuliza nini. Kwa zaidi ya mwezi mzima kijiwe chetu kilikuwa na mazungumzo ya aina moja tu, nayo ni tamthilia ya Kiwanja cha Bibi, kila Alhamisi jioni.

Niseme wazi, mimi si mtu wa tamthilia. Naona ni kumaliza umeme kwa kuangalia watu wasionijua wakilia. Lakini hii niliifuata kama dawa, na sababu ninayo. Tangu watu wa tivi wajue kwamba kuna mahali panaitwa Sumbawanga, hii ndiyo mara ya kwanza walikuja wakapiga picha hapa hapa Ufipa na kutengeneza hadithi isiyo na uchawi, ambayo ndani yake hakuna mtu hata mmoja anayeruka na ungo. Hakuna radi ya kutumwa. Ni familia tu inagombania kiwanja cha bibi yao. Binti mkubwa amerudi kutoka Mbeya, kaka mtu anajifanya hajui nani alikiuza, watu wanapalilia mahindi, wanadanganyana na kupendana kama sisi tunavyofanya. Nilikuwa naona raha mpaka naona aibu. Na Alhamisi iliyopita walimwacha yule binti amesimama nje usiku, mkono kwenye komeo la geti, na ndani kuna mtu anakohoa.

Sauda aliweka birika chini. Kahawa ni yake, benchi ni lake, na tivi kubwa tuliyokuwa tunaangalizia mtaa mzima ni yake pia.

"Kwa hiyo yule binti wamemwacha getini?" akauliza.

"Wamemwacha," Chaji akasema.

"Na baridi hii."

Tukamhurumia. Kisha Mahmud akakohoa, na Mahmud akikohoa ujue kuna taarifa ya serikali. Ana malori mawili ya kubeba mahindi, lakini anaongea kama mtu aliyetoka sasa hivi kwenye baraza la mawaziri, ndiyo maana tunamwita Waziri. Alisema yeye hili alilijua tangu siku ya kwanza. Kosa lilikuwa la hao hao waliotunga.

"Watu wa Dar ukiwaambia Sumbawanga, wanakaa mkao wa kuona fisi anaendeshwa kama pikipiki," alisema. "Wewe unawaonesha mama amekaa uani anapepeta ulezi. Ungo wenyewe upo, wanauona, wanausubiri uruke. Haupai. Lazima wakasirike."

Chaji alisema Waziri anazingua, watu wa Dar hawana hata muda wa kuangalia tivi, wako kwenye foleni. Wakaanza. Mmoja akasema kituo kimeuzwa, mwenzake akasema mwigizaji mkuu amechumbiwa na mtu asiyetaka mkewe aonekane. Mzee Valerian aliomba tuongee mmoja mmoja, akanyoosha kidole kuomba nafasi ya kusema hivyo. Huyu alikuwa katibu wa chama cha ushirika miaka mingi, sasa yumo kwenye kamati ya parokia, na kwake jambo lisilopita kikaoni halijatokea. Tunamwita Mzee Kanuni, na yeye anaona ni heshima.

Mtu mmoja tu alikuwa kazini. Flavian fundi viatu alikuwa kwenye kigoda chake pale pale ubavuni mwa benchi, anapigilia kisigino kilichokwisha kupigiliwa.

Hapo ndipo sote tukakumbuka, na mimi nikaona soni kwa kelele zetu. Sisi tulipoteza tamthilia. Flavian alipoteza kitu kingine. Wale watu walipokuja kupiga picha walimwona, wakapenda sura yake, wakampa nafasi ya konda wa basi, na ya kuongea kabisa, siyo ya kupita kwa nyuma amebeba ndoo. Ilikuwa ionekane leo, sehemu ya sita. Na mama yake mzazi, Mama Cornelia, alikuwa njiani kutoka Wampembe kuja kuiona.

Wampembe ni ziwani. Flavian aliacha nyavu za marehemu baba yake akapanda huku juu kushona viatu vya watu, na tangu siku hiyo mama yake anaulizwa pale mwaloni samaki wanaposhushwa, mwanao anafanya nini Sumbawanga, na anakosa jibu. Alipopata jibu alilitoa bila ubahili. Habari ilipomaliza kuzunguka Wampembe, Flavian alikuwa mwenye kituo cha televisheni.

"Mpigie asije," Waziri akashauri.

"Alilala Namanyere. Saa hizi yuko kwenye basi," Flavian akajibu. "Na simu amezima, anatunza chaji."

Ushauri ukamwagika. Waziri alisema tumwambie umeme umekatika, uongo ambao hakuna Mtanzania atakayeuhoji. Chaji alisema tutafute tamthilia nyingine yoyote yenye konda, tumwambie mama ni Flavian kapakwa rangi. Flavian aliinua kichwa kwa mara ya kwanza.

"Mama yangu ananijua hata kwa kukohoa, Chaji. Acheni tu. Nitakuwa yule yule wa siku zote, asiye na cha kuonesha."

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, na ndiyo iliyotuuma. Hasira ikatafuta pa kwenda. Chaji akarudi kwenye simu yake kusoma tangazo la kituo mpaka mwisho, maana hapo awali alisoma kichwa cha habari tu akaja kutuambia. Tangazo lilisema watazamaji walishaelezwa kwamba anayependa tamthilia iendelee atume neno ENDELEZA, na zenye ujumbe mchache zitaondolewa. Kisha likasema inasikitisha kwamba hata mkoa wa Rukwa, ambako Kiwanja cha Bibi ilipigwa picha, ulituma ujumbe mmoja tu.

Hapo pakawaka. Waziri alisimama wima na kuuliza huu ni mkoa au ni kituo cha mafuta, watu wanapita tu. Sauda alisema sasa ameelewa kwa nini lami ilichelewa kutufikia. Tuliwasema watu wa Kalambo, tukawasema wa Namanyere, na mimi nikasema maneno kuhusu watu wa Laela ambayo siyarudii, nina shemeji huko. Mzee Kanuni alisema kwa uchungu kwamba umoja umetoweka katika nchi hii.

"Lakini huyo mmoja aliyetuma," Sauda akasema, "huyo angalau ni mtu. Ni nani?"

"Wameuweka hapa ujumbe wenyewe," Chaji akasema, akasoma. "Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleikum. Sisi wakazi wa Katandala, tuliokutana kwa wingi wetu nyumbani kwa Bi Sauda, kwa kauli moja tumeazimia kwamba tamthilia hii isikatishwe. Tunawatakia kazi njema na ujenzi wa taifa."

Chaji alishusha simu. Mzee Kanuni alikuwa anakiangalia kikombe chake kana kwamba kahawa imemwita.

Ilikuwa hivi. Kituo kilipotangaza kwamba watu watume ujumbe, Chaji alitoa simu palepale atume, na Sauda naye akatoa yake. Mzee Kanuni akawazuia. Alisema kila mtu akituma kivyake itaonekana vurugu, huko Dar watadhani hatuelewani. Akaitisha kikao. Mtaa ukajaa mpaka barabarani. Tulibishana jioni mbili kama salamu ianze ya Kikristo au ya Kiislamu, tukaafikiana ziwepo zote, na Waziri ndiye aliyedai liongezwe taifa. Tulinyoosha mikono wote. Ujumbe ukatumwa kutoka simu ya Mzee Kanuni, tukapiga makofi, na watu wakaonywa wasije wakatuma mwingine wakavunja umoja. Hata Flavian alipiga makofi.

"Na lile neno ENDELEZA liko wapi?" Sauda akauliza.

"Kimaana limo," Mzee Kanuni akasema.

"Mzee wangu," Waziri akasema kwa upole, kwa sababu Mzee Kanuni ni mkubwa kwake na kwa sababu taifa lilikuwa lake, "wenzetu walikuwa wanahesabu."

"Unahesabu nini kwa watu ambao wameshakubaliana?"

Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Mzee wa watu aliamini kauli ya mtaa mzima ni nzito kuliko kelele za mtu mmoja mmoja, na kama dunia ingekuwa na akili angekuwa sahihi. Alimwangalia Flavian, akafungua mdomo kuomba msamaha, na nadhani alikuwa anatafuta utaratibu wa kuuomba, ndipo bodaboda ikasimama mbele yetu.

Mama Cornelia alishuka na kitenge kipya na furushi la migebuka mikavu. Shikamoo zikamiminika. Yeye akapiga magoti kidogo na kupiga makofi taratibu, akatusalimia mmoja mmoja kama inavyotakiwa Ufipa. Alisema samaki ni wa waigizaji wenzake Flavian, wagawane. Kisha akauliza tivi iko wapi, akaingia, akakaa kiti cha mbele kabisa na kuweka mikono mapajani. Jua lilikuwa bado halijashuka. Alisema atasubiri.

Kila mtu akapata kazi ya kufanya. Waziri ndiye aliyejitolea. "Mama, bahati mbaya leo umeme," akaanza, na nyuma yake tivi inatangaza sabuni kwa sauti ya juu.

Flavian alivua aproni. "Mama, haipo. Wameifuta. Haitaoneshwa tena."

Mama alimtazama muda mrefu. "Nimewaaga watu," alisema.

Basi. Hilo tu. Ningekuwa na mkia ningeufyata. Sauda alizima tivi, na Mzee Kanuni akavua kofia yake na kusema kosa ni letu, mama, tulikaa kikao tukakosea, kijana hana hatia. Alilisema bila utaratibu wowote, na sijawahi kumpenda mzee yule kama siku ile. Mama alikuwa bado anamtazama mwanawe.

"Ulikuwa nani humo ndani?"

"Konda."

"Nionyeshe."

Flavian alitugeukia kama mtu anayeomba aokolewe. Sauda akachukua furushi la migebuka, akaliweka kichwani, akawa abiria anayeshuka kutoka Mbeya. Chaji akawa mlango wa basi. Flavian akasogea, akampokea mzigo, akasema maneno yake, haraka haraka, macho chini.

"Rudia," mama akasema. "Sijasikia."

Akarudia. Safari hii alisimama sawasawa, akashika mzigo kwa mikono miwili. "Shuka taratibu, dada. Mzigo wako nitakufikishia mpaka pale kivulini, usiharakishe. Umetoka mbali, na kwenu wanakusubiri."

Nakwambia ukweli, alikuwa mzuri. Nilimwona konda mzima mbele yangu, na Sauda alisahau kwamba ni Sauda, akasema asante kaka. Waziri alinong'ona kwamba miaka yote kwenye biashara ya magari hajakutana na konda wa namna hiyo, Chaji akamkanyaga mguu.

Mama Cornelia hakupiga makofi. Alikaa anafikiri, uso umekaza, tukadhani hakupenda.

"Huyo konda," akauliza, "mama yake yuko wapi?"

"Hayumo, mama."

"Hata kutajwa?"

"Hata."

Akainuka, akamnyang'anya Flavian samaki wake mikononi, akaanza kufungua furushi atafute wa kukaanga.

"Basi wamefanya vizuri kuifuta," akasema. "Kijana ana adabu kiasi hicho, halafu hawasemi nani kamlea."