Hotuba ya Uzinduzi wa Kituo cha Kushusha Mabega, Ipogolo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru na kunikaimisha mimi. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye ndiye mimi. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Maandalizi na wa Kamati ya Kufuatilia Kamati ya Maandalizi. Viongozi wa dini. Wazee maarufu na wazee wa kawaida. Wadau wa mwili na wadau wa roho. Wananchi wa Ipogolo, kamwene!

(Umati: Kamwene.)

Hiyo imetoka kooni. Leo tunataka itoke tumboni. Kamwene!

(Umati: Kamweneee!)

Ndugu wananchi, kwa muda mrefu nchi yetu imetibu malaria na minyoo, lakini bega la mwananchi lilisahaulika. Ni katika muktadha huo ofisi yangu, kwa kuzingatia mpango mkakati, mwongozo wa mpango mkakati, na semina elekezi tatu, mbili za hapa Iringa na moja ya Mbeya, ambazo niliziongoza mwenyewe bila kusinzia, ilibuni huduma ya tiba ya kisomatiki, yaani tiba inayoanzia mwilini, kwenye pumzi, mgongo na nyayo, ili huzuni iliyojificha humo ipate njia ya kutokea. Utafiti wetu umebaini kwamba asilimia tisini na nne nukta saba ya wananchi wana mabega, na waliobaki hawakukutwa nyumbani.

(Makofi. Mtu mmoja anacheka, kisha anaacha.)

Mafanikio yapo. Tunaye hapa ndugu Liberatus, dereva wa lori aliyekuwa akibeba karatasi kutoka Mgololo. Mwaka jana breki zilikataa kwenye mteremko, lori likalala ubavu, na shemeji yake, marehemu Crispin, aliyekaa naye mbele, akafariki palepale. Tangu siku hiyo mikono ya Liberatus ilitetemeka hata akishika kikombe cha chai, pumzi ikawa fupi, na usukani hakuugusa tena. Alifika ofisini kwangu mara nne kuulizia kituo, nasi mara zote nne tulimsajili. Leo anapumua, leo anaendesha, na hayo, ndugu zangu, ni matunda ya awamu ya majaribio!

(Sauti ya mwanamke: Majaribio gani, mheshimiwa? Huyu katibiwa uani kwa Mama Esnath!)

Naomba itambulike kwamba ua huo uko ndani ya eneo langu la utawala. Ni kweli Mama Esnath, muuguzi mstaafu, alimkalisha Liberatus kwenye kigoda, akamwekea kiganja mgongoni, akamfundisha kuvuta pumzi mpaka kiunoni na kukanyaga ardhi kwa nyayo zote, na wiki ya tatu mwili wake wote ukatikisika, akalia kilio alichokizuia tangu mazishini. Hiyo ndiyo tunaita ushirikishwaji wa sekta binafsi. Liberatus, njoo utoe ushuhuda, kwa kifupi na kwa mwelekeo chanya.

(Liberatus anapewa kipaza sauti. Anakishika kwa mikono miwili.)

"Kamwene. Mimi sijui kuhutubia. Mama Esnath aliniambia, 'Mwanangu, usiukimbie mwili wako, huko ndiko ulikomficha shemeji yako.' Basi nikamlilia. Ila nina dada yangu, Lusia, mke wa marehemu. Yule pale mwenye kitenge cha bluu. Tangu tuzike, shingo yake haigeuki, na kwangu hajasema neno, hata salamu. Kwa Mama Esnath amekataa kwenda kwa sababu mimi nilitibiwa pale. Nikamwambia, 'Dada, twende kwenye kituo cha serikali, huko utahudumiwa na watu wasiotujua.' Amekubali. Nimemleta. Sasa mheshimiwa, tuingilie mlango upi?"

(Mheshimiwa anakisogelea kipaza sauti.)

Swali zuri sana. Ni swali la kimkakati. Mlango, ndugu Liberatus, uko katika hatua za mchakato.

"Na ukuta?"

Ukuta unautangulia mlango, kwa hiyo nao uko kwenye mchakato.

(Mama Esnath anapita katikati ya watu, anasimama mbele ya Lusia, hamgusi. "Hapa hapa panatosha, mwanangu. Vua viatu." Lusia anavua. Anakanyaga majani. Mabega yake yanaanza kutikisika, na anasema kwa sauti iliyokauka: "Liberatus, kaka, ulimwacha Crispin peke yake?" Liberatus anashuka jukwaani. "Sikumwacha, dada. Nilimshika mkono mpaka mwisho." Wanashikana, wanalia. Watu wanawazunguka.)

Itifaki izingatiwe! Naomba mtendaji awaandike wote wanaolia kama wanufaika. Na waliobaki kwangu, semeni nami: Mabega chini!

(Sauti tatu: Msongo nje!)

Pumzi ya mwananchi!

(Sauti moja: Maendeleo ya taifa!)

Mwisho, namshukuru Baba Anyelwisye, mwenye shamba hili la mahindi, kwa kuturuhusu kukata utepe hapa. Ameomba tumalize mapema kwa kuwa anapalilia, nami nimemhakikishia kwamba hatutamwachia hata tofali, kwani kituo hakijajengwa, hakijachorwa, na kwa mujibu wa faili, hakijawahi kuombwa. Asanteni kwa kukizindua.