Siku Mkono Mtulivu Alipoishinda Chafya

Sogeeni, enyi mnaojisifu kwa vita vyenu, mpate habari za binti wa maabara ambaye wenzake humwita Mkono Mtulivu, aliyelikabili peke yake jeshi lisiloonekana, silaha yake kibanio kidogo cha chuma.

Jeshi hilo la bakteria sugu, lililozidhalilisha dawa zote za hospitali, lilitoka katika kidonda cha mguu wa shangazi yake mwenyewe, na daktari alishaanza kutaja msumeno. Sasa lilikuwa limetandazwa juu ya jeli ya sahani, likingoja. Dawa mpya iliyosalia ilitosha kulowesha kiduara kimoja tu cha karatasi, cha kuwekwa juu ya jeli ili ionekane kama itawaua. Na sheria ya uwanja ule ni kali: kiduara kikishagusa jeli hakihamishwi, kikianguka vibaya imekula kwako.

Shujaa akakinyanyua. Papo hapo mlango ukafunguka, akaingia Mkuu wa Maabara, amejipulizia manukato kama anayekwenda kuposa.

Chafya ikakusanya majeshi kifuani, ikapiga kambi puani. Machozi yakamlenga shujaa. Barakoa alikuwa nayo, lakini barakoa haimshiki mtu mkono.

"Mkuu," akanena kwa sauti ya mtu anayeuaga ukoo wake, "kwa heshima zote, rudi ulikotoka."

"Nimefanya nini tena?"

"Unanukia."

"Asante," akasema Mkuu, akasogea karibu zaidi.

Shujaa aliogopa, sitawaficha. Akilini alimwona shangazi kitandani, mguu umenyooshwa. Akaukandamiza ulimi kwenye kaakaa, akakaza tumbo, akateremsha kibanio. Kiduara kikatua katikati kabisa. Akafunika sahani, akatoka mbio hadi kwenye korido, ndipo akapiga chafya ambayo mlinzi wa getini aliiitikia, "Afya!"

Kesho yake sahani ilipofunuliwa, kuzunguka kile kiduara palikuwa peupe, upana wa kidole gumba, na hakuna adui hata mmoja aliyethubutu kukanyaga hapo. Mkuu alipima kwa rula, akapima tena, kisha akakaa chini. Mkono Mtulivu akapiga simu wodini.

"Shangazi, dawa imewashinda."

"Kwa hiyo mguu haukatwi?"

"Imewashinda kwenye sahani, shangazi. Mguuni bado hatujui."

"Mwambie daktari asubiri basi. Mguu ni wangu, na mimi sina haraka."

Andikeni, enyi waandishi wa tarehe, mkoleze wino: daktari aliambiwa, akakuna kichwa, na siku ile msumeno ulisubiri.