Kafara ya Gari Jeupe

Masila alikuwa hotelini karibu na River Road, akinywa chai aliyonunuliwa na mtu aliyeamini atatafutiwa kazi bandarini, aliposikia meza ya nyuma ikimsema tajiri.

“Muigai wa Woodley? Huyo ni Frimasoni,” alisema mwenye kofia. “Ghorofa tatu kwa miaka miwili! Unafikiri ni maombi?”

“Ashindwe!” mwenzake akakemea. Kisha akasogeza kiti karibu. “Na kwani mtu hujiunga aje?”

Masila akaweka kikombe chini taratibu. Alikuwa ameishi mjini vya kutosha kujua kwamba kitu ambacho watu wanakikemea huku wanameza mate hakihitaji matangazo.

Akasoma kwenye simu kwa bidii ambayo, shuleni, ingemfikisha mbali. Akajifunza kwamba Frimasoni wameazima maneno yao kwa waashi: bikari, skwea, aproni, jiwe lisilochongwa. Mtu huingia akiwa mwanagenzi, akapanda kuwa fundi, kisha fundi mkuu. Siku ya kuingizwa hufungwa kitambaa machoni na kamba shingoni. Akasoma pia kwamba wenyewe hukutana, hula chakula cha jioni, huchangia hospitali. Hapo alisikitika. Nani Nairobi angelipa ili akachangie hospitali? Sehemu hiyo akaiacha, na mahali pake akaweka nyoka, damu na vikao vya chini ya bahari, mambo ambayo kila mtu alikuwa amesikia kwa jirani na kwa hiyo hayakuhitaji ushahidi.

Alikodi chumba Ngara, juu ya duka la magodoro. Akaweka pazia jekundu, kiti kikubwa, upanga wa maigizo na fuvu.

Wa kwanza kupanda ngazi alikuwa Mama Waithera, muuza blanketi wa mtaa uo huo. Masila alikuwa amesoma kwamba loji nyingi za Frimasoni haziingizi wanawake, lakini hakuona kwa nini afungwe na kanuni za chama ambacho yeye si mwanachama.

“Nani anabisha?” akanguruma.

“Si ni mimi. Umeniambia nikuje saa nane.”

“Sema: mtu wa gizani anayetafuta nuru.”

“Sawa, huyo. Na hiyo kamba uifunge polepole, nimesukwa jana.”

Alipofunguliwa macho, Mama Waithera hakutetemeka. Alizunguka chumba kama mtu anayekagua stoo.

“Hii fuvu ni ya nani?”

“Tajiri mmoja aliyevunja kiapo. Jina siwezi kutaja.”

Mama akaligeuza, akasoma chini palipoandikwa lilikotengenezwa, akalirudisha mezani.

“Na mtu akitaka kutoka?”

“Hakuna kutoka, mama. Wanaojaribu huokotwa wamerukwa na akili.”

“Kwa hivyo hakuna mtu anashughulikia hiyo upande.”

“Hakuna kabisa.”

“Haya. Niuzie hizi vitu zote. Na unipige picha kwa hicho kiti.”

Masila akamuuzia fuvu, upanga, pazia na aproni kwa bei iliyomfanya baadaye amwonee huruma. Maskini, aliwaza, ndiyo maana wajanja hawafi njaa. Vitu vingine kama hivyo angepata sokoni Gikomba kabla ya wiki kuisha.

Kwani samaki mkubwa alikuwa Muigai. Masila alimfuata Woodley, akamkuta sebuleni, mzee mnene mwenye kipara kinachong’aa, na wala hakuhitaji kumshawishi.

“Kijana, hii jina ya Frimasoni nimebeba miaka mbili,” Muigai alisema kwa uchungu. “Kanisani hakuna mtu anataka kukaa na mimi benchi moja. Na sijajiunga! Aibu nimekula, sasa nataka mali.”

“Kuna kafara, mzee.” Masila aliongea kama daktari mwenye majibu mabaya.

“Najua. Mama mkwe yuko tayari. Yaani, mimi niko tayari.”

“Lazima kiwe kitu unachokipenda.”

Macho ya Muigai yakapita picha za watoto, yakapita picha ya harusi, yakatoka dirishani hadi kwenye gari jeupe lililokuwa linaoshwa uani. Yakalowa.

“Jamani. Si hiyo.”

“Wakuu wameona ulivyoitazama.”

Wakakubaliana wakutane Ngara Jumapili alasiri, ufunguo na hati za gari mkononi. Usiku huo Masila hakulala. Jamaa zake kijijini Mwala walikuwa wanazijua habari zake tu, na hazikuwa nzuri. Sasa angefika mwenyewe, anaendesha.

Jumapili alasiri ikafika, Muigai hakufika. Masila akapiga simu.

“Mzee, wakuu wanangoja.”

“Niko Kangemi kwanza, kwa hema ya maombi ya Mama Waithera. Mke wangu amesema lazima nitoke Frimasoni.”

“Lakini hujaingia!”

“Nimemwambia hivyo. Akasema basi itakuwa rahisi.”

Masila alifika Kangemi shati limeloa jasho. Hema lilikuwa limejaa hadi kamba za nje. Jukwaani alisimama Mama Waithera, mavazi meupe, mbele yake fuvu na upanga, nyuma yake picha yake kubwa akiwa kitini.

“Miaka saba nilikuwa malkia chini ya bahari!”

“Ashindwe!” hema likajibu.

Foleni ya kuombewa ilizunguka viti. Masila akawatambua wale wawili wa hotelini. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kujiunga na chochote maishani, na wote wawili walikuwa wanalia watolewe. Na katikati ya foleni kiling’aa kipara cha Muigai.

Hapo busara ikamtoka. Akakimbia hadi mbele.

“Uongo! Hilo fuvu ni la plastiki! Mimi mwenyewe ndiye nilimuuzia!”

Vichwa vyote vikamgeukia. Masila naye akasikia alichosema.

“Mmemsikia kwa masikio yenu,” Mama Waithera alisema kwa upole. “Huyu ndiye aliyeniingiza.”

Mtu akainua kiti. Mwingine, nyuma, akaita tairi na petroli viletwe. Mama Waithera akashuka, akamwekea Masila mkono kwenye paji la uso, akamnong’oneza:

“Kijana wangu, ama mimi, ama hawa. Anguka.”

Masila akaanguka. Akaanguka kama mtu aliyezaliwa kwa kazi hiyo. Alitoa povu, akaongea kwa sauti tatu, akamkana fundi mkuu, akaikana bikari, akaikana skwea. Akina mama walilia. Mwenye kiti alikiweka chini akakikalia.

Alipoinuliwa, mavumbi kichwani, Muigai alikuwa tayari mbele, anabubujikwa na machozi.

“Mama, kama hata mkuu wao ametoka, mimi ni nani? Hii gari ndiyo walikuwa wanataka. Afadhali niipe huduma.”

Akanyoosha ufunguo. Mama Waithera hakuugusa.

“Ndugu Masila, wewe ndiye mgeni wetu. Upokee kwa niaba ya huduma, shetani aone.”

Masila akaupokea. Ulikuwa mzito kuliko alivyodhani, na bado una joto la mwenyewe. Nje, kati ya vibanda vya mitumba, aliliona gari limeegeshwa, safi, mdomo wake umeelekea barabarani. Kando yake, bila kugeuza shingo, Mama Waithera akafungua kiganja.

Masila akauweka humo.

“Sema amina, ndugu.”

Masila akasema amina huku machozi yakimtiririka, na waliokuwapo wanaapa mpaka leo kwamba hawajawahi kuona toba ya kweli namna ile.